Neno na Kibanja: Historia Fupi ya Lugha ya Sheria katika Nchi ya Karagwe

Kata ya Kimuli imo katika Wilaya ya Kyerwa, Mkoa wa Kagera, katika nchi ambayo hapo zamani ilikuwa sehemu ya ufalme wa Karagwe. Wilaya hiyo ilitengwa na Wilaya ya Karagwe mwaka 2012, nayo inapakana na Rwanda na Uganda. Wenyeji wake husema Kinyambo nyumbani, hulima migomba na kahawa, na mali yao iliyo kubwa kupita zote ni kibanja, yaani shamba la migomba lenye nyumba ndani yake na, aghalabu, makaburi ya wazee waliolipanda.

Kibanja chaweza kumtoka mtu kwa nguvu, lakini mara nyingi zaidi humtoka kwa neno. Mtu huambiwa kwamba amerithi, akadhani kwamba anaweza kuuza. Huambiwa kwamba ni msimamizi, akadhani kwamba amekuwa mwenyewe. Huambiwa kwamba anaweza kukata rufaa, akaenda kulima hata siku zikapita. Baadaye ndipo hujua kwamba neno alilolisikia halikuwa na maana aliyoidhani. Kwa sababu hiyo, historia ya maneno ya sheria katika nchi kama hii haiwahusu wanafunzi wa lugha peke yao. Ni historia ya watu waliopata ardhi na watu waliokosa, na kila zama iliyopita Karagwe iliacha maneno yake katika kinywa cha mkulima.

Zama ya kwanza ni ile ya Mukama. Kabla ya kuja kwa wageni, magomvi ya Karagwe yalisikilizwa na wazee wa ukoo, kisha wakuu wa nchi, na yale makubwa yalifika kwa Mukama mwenyewe, ambaye makao yake yalikuwa Bweranyange. Lugha ya mlalamikaji na lugha ya mwamuzi ilikuwa moja. Mtu aliweza kushindwa kwa kuwa mnyonge au kwa kuwa mwongo, lakini ilikuwa shida ashindwe kwa kutofahamu neno aliloulizwa.

Kiswahili kilifika huko pamoja na msafara. Wafanyabiashara kutoka pwani, Waarabu na Waswahili, walijenga kituo chao Kafuro, karibu na makao ya Mukama. John Hanning Speke na James Grant, walipofika kwa Mukama Rumanyika mwezi wa Novemba 1861, walikuta kwamba njia ya pwani imekwisha kupasuliwa na hao waliowatangulia. Naye Henry Morton Stanley, alipopita mwaka 1876, alikaribishwa Kafuro na mfanyabiashara Hamed bin Ibrahim. Lugha ya kituo cha namna hiyo ni lugha ya mali: bei, deni, hesabu, amana. Hivyo Kiswahili kiliingia Karagwe kwa mlango wa biashara, na mlango wa hukumu ulifunguliwa baadaye. Jambo hili lina maana yake, kwa kuwa hata leo neno dai ni la dukani na la mahakamani pamoja. Mwenye duka humdai mteja wake, na mwenye shauri la ardhi huitwa mdai, na mwenziwe mdaiwa, ijapokuwa pengine hakuna aliyemkopa mwenziwe hata senti moja.

Maneno hayo ya pwani yalikuwa yamekwisha kukomaa katika mabaraza ya makadhi wa Unguja, Mombasa na miji mingine. Mengi yalitoka katika Kiarabu, nayo yana ukoo kama watu walivyo na ukoo. Hukumu, hakimu na mahakama ni ndugu wa shina moja: tendo, mtendaji na mahali pa kutendea. Hekima pia ni jamaa yao, jambo linalomkumbusha hakimu deni lake. Shahidi na ushahidi ni ndugu. Mirathi, urithi na mrithi ni ndugu. Rufaa imetoka katika neno la kuinua, kwa maana shauri linainuliwa kutoka baraza la chini na kupelekwa la juu. Shauri lenyewe ni jamaa ya shura, yaani watu kuketi na kushauriana. Na ni ajabu ya lugha kwamba neno la mashauriano limekuwa neno la ugomvi unaohitaji kuamuliwa. Msomaji anayejua ukoo wa maneno haya hupata msaada mkubwa, kwa kuwa akilifahamu moja huweza kuyatambua mengine.

Mkulima wa Karagwe, lakini, hakupewa ukoo huo. Alipewa maneno yaliyokwisha kukatwa, mmoja mmoja, na mkono uliomletea ulikuwa wa serikali. Wajerumani walijenga kituo chao Bukoba mwaka 1890, na kuanzia mwaka 1906 walitawala nchi hiyo kwa njia ya wafalme wake wenyewe, chini ya mwangalizi wa Kijerumani. Waliikuta Kiswahili ni lugha inayofaa kwa amri, kodi na barua, wakaiendeleza kwa herufi za Kirumi. Kutoka kwao Kiswahili kilipata neno shule, na kutoka kwa Waingereza waliowafuata kikapata korti, kesi, jaji, faini na rumande. Neno la elimu lilitoka kwa mtawala mmoja na maneno ya adhabu yakatoka kwa mwingine, nayo yote yakakaa katika sentensi moja bila kugombana.

Chini ya Waingereza, Karagwe ilikuwa mojawapo ya nchi za machifu katika Wilaya ya Bukoba. Gavana Sir Donald Cameron, aliyetawala Tanganyika tangu mwaka 1925 hadi 1931, aliweka utawala wa kupitia kwa machifu, na sheria ya mwaka 1929 ikazitenga mahakama za wenyeji na Mahakama Kuu. Rufaa za mahakama hizo zilipanda kwa wakubwa wa kiserikali, yaani mabwana shauri na waliokuwa juu yao, hata kwa Gavana, lakini hazikufika kwa majaji. Utaratibu huo ulileta mtu mmoja ambaye vitabu vya historia havimtaji sana, naye ni karani wa baraza.

Kazi ya karani ilikuwa kuandika. Mzee alisimama akaeleza habari ya mpaka wake kwa lugha ya mama yake, kwa mifano na kwa majina ya miti. Karani aliyasikia hayo akayaandika kwa Kiswahili, ambacho katika sehemu kubwa ya Tanganyika kilikuwa ndicho lugha ya kumbukumbu. Shauri lilipopanda, bwana shauri alisoma Kiswahili hicho huku akifikiri kwa Kiingereza. Basi neno moja lilivuka mito miwili kabla ya kufika kwa mwenye kuamua, na katika kila kivuko mzigo fulani ulianguka majini.

Mfano wake ni neno musika la Wahaya, majirani wa Wanyambo. Musika ni mrithi mkuu wa marehemu. Karani akiandika mrithi hakukosea, lakini hakusema yote. Mrithi wa Kiswahili hufikiriwa kuwa mtu anayepokea mali. Musika hupokea mali na kiti pamoja: hukaa mahali pa baba, huangalia wadogo, husimama kwa ajili ya nyumba mbele ya ukoo. Warithi wa daraja zilizo chini yake wana majina yao na mafungu yao. Mwaka 1945 Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyekuwa mtumishi wa serikali, pamoja na M. M. Hartnoll, walitoa kitabu cha Kiingereza juu ya sheria za mila za Wahaya, na katika kitabu hicho walilazimika kuyaacha maneno mengi ya Kihaya kama yalivyo. Kitabu hicho kilikuwa na manufaa makubwa kwa mahakama. Lakini tangu siku hiyo mila, iliyokuwa ikisemwa na kubadilika pamoja na wasemaji wake, ilipata namba za vifungu, na mtu aliyetaka kujua mila ya babu yake aliweza kusomewa na mgeni.

Neno jingine lililobeba uzito wa nchi ni nyarubanja. Ni milki kubwa iliyokusanya vibanja vingi, ambayo mkubwa alipewa na mtawala, na watu waliokuwamo wakawa chini yake. Mkubwa huyo aliitwa mtwazi, nao walio chini yake watwarwa, kutokana na kitenzi chenye maana ya kutawala. Ukiyaeleza maneno hayo kwa Kiswahili kwa kusema mwenye shamba na mpangaji, utakuwa umewageuza mtawala na mtawaliwa kuwa watu wawili waliopatana bei. Ndani ya neno la Kihaya mlikuwamo utumishi, heshima na hofu. Ndani ya neno mpangaji hamna ila kodi. Nyarubanja haikuenea sawasawa katika nchi zote za Wilaya ya Bukoba, lakini neno lake lilijulikana kote, na chuki iliyoambatana nalo ilijulikana vilevile. Mwaka 1965 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya kuwakomboa watwarwa hao ili ardhi waliyoilima iwe yao. Ni mara chache neno la kienyeji limeingia katika jina la sheria ya nchi. Hilo liliingia kwa sababu hakuna neno la lugha nyingine lililoweza kusema kwa ukamilifu kitu kilichokuwa kikifutwa.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, na miaka iliyofuata ilibadili mahakama kutoka chini hadi juu. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, iliondoa mahakama za machifu na kuweka Mahakama za Mwanzo, za Wilaya, na juu yake Mahakama Kuu, zote katika ngazi moja. Lugha ya Mahakama ya Mwanzo ikawa Kiswahili. Hakimu aliketi na wazee wa baraza, na kwa miaka mingi sheria haikumruhusu wakili kusimama humo kumsemea mtu. Nia yake ilikuwa njema: mnyonge asishindwe na tajiri mwenye fedha za kumlipa msemaji. Lakini matokeo yake ni kwamba mkulima alisimama peke yake na maneno. Alichokijua ndicho kilichomlinda, na asichokijua hakuna aliyemweleza isipokuwa hakimu mwenye subira.

Shauri lilipopanda, lugha ilibadilika. Kumbukumbu ya Mahakama ya Mwanzo ilikuwa ya Kiswahili, na hukumu ya Mahakama Kuu ikatolewa kwa Kiingereza. Kibanja kile kile kikawa kinasemwa kwa Kinyambo shambani, kwa Kiswahili katika baraza la kwanza, na kwa Kiingereza kwa jaji. Mwenye kibanja aliweza kushinda asijue ameshinda kwa sababu gani.

Elimu nayo ilikwenda njia mbili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwezi wa Oktoba 1961, kikiwa chuo kishiriki, na kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha Sheria. Wanafunzi wake walisomeshwa kwa Kiingereza. Mahakimu wa Mahakama za Mwanzo walipata mafunzo yao kwa njia nyingine, wengine huko Mzumbe, mahali palipokuwa na shule iliyoanzishwa mwaka 1953 kwa ajili ya machifu na watumishi wa serikali za mitaa. Na kazi yao yote ilikuwa ya Kiswahili. Hivyo nchi ikawa na wajuzi wa aina mbili: mmoja aliyejua asili na sababu za kanuni lakini asiweze kuzieleza kwa baba yake, na mwingine aliyeweza kuzieleza lakini vitabu vyenye sababu zake havikuandikwa kwa lugha ya kazi yake.

Upungufu huo ulitambuliwa mapema. Profesa A. B. Weston, mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Sheria, aliandika mwaka 1965 juu ya matatizo ya kuisema sheria kwa Kiswahili, na mwaka 1968 kitivo kikatoa kitabu chake cha maneno ya sheria. Mwaka mmoja kabla yake, mwaka 1967, Baraza la Kiswahili la Taifa lilikuwa limeundwa kwa sheria ya Bunge. Wataalamu wa wakati huo walikutana na swali ambalo bado halijazeeka: neno la sheria lichukuliwe pwani, lichukuliwe bara, litoholewe kutoka Kiingereza, au libuniwe upya? Kila jawabu lina faida na hasara. Neno la pwani lina heshima na ukoo, lakini mtu wa bara huenda asilijue. Neno la bara lina nguvu katika nchi yake, lakini likivuka Mto Kagera au Ziwa hupotea. Neno lililotoholewa husikika kuwa la kisasa, na mara nyingi halielezi kitu. Neno lililobuniwa huhitaji mwalimu.

Yafaa kutazama baadhi ya maneno hayo jinsi yanavyofanya kazi katika maisha ya mkulima. Tuseme jirani amesogeza mpaka wa kibanja hatua kumi. Mwenye kibanja huona kwamba ameibiwa, naye hukimbilia kumshitaki kwa jinai. Jinai ni kosa dhidi ya umma, na mwisho wake, likithibitishwa pasipo shaka, ni adhabu. Madai ni ugomvi wa haki baina ya watu wawili, na mwisho wake ni kuamua nani mwenye haki, kwa kupima ushahidi wa upande upi ni mzito zaidi. Mahakama zimesema mara nyingi kwamba, ikiwa umiliki wenyewe ndio unaogombaniwa, jinai si njia ya kuuamua. Basi mkulima aliyechagua neno lisilofaa aweza kupoteza msimu mzima na nauli zake, akarudi na kukuta migomba ya jirani imekwisha kuzaa katika zile hatua kumi.

Tazama tena maneno mrithi na msimamizi wa mirathi. Mtu akifa, mahakama huweza kumteua mmoja awe msimamizi. Kazi yake ni kukusanya mali, kuiorodhesha, kulipa madeni, kuwagawia warithi, kisha kurudi mahakamani kutoa hesabu. Huyo ni mtumishi wa warithi, ijapokuwa yeye mwenyewe aweza kuwa mmoja wao. Lakini karatasi ya mahakama yenye muhuri, ikiandikwa jina la mtu mmoja, huonekana machoni pa wengi kama hati ya umiliki. Hapo ndipo ndugu mkubwa huuza kibanja cha marehemu kwa kuonyesha karatasi ya usimamizi, na wadogo hunyamaza kwa sababu karatasi ina muhuri. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Yafaa kuongeza kwamba hata mali yenye daftari hupotea, ikiwa msomaji wa daftari ni mmoja.

Neno dhamana lina nyumba tatu. Ndugu huweka dhamana polisi ili kijana atoke rumande arudi siku ya shauri. Mkulima huweka kibanja dhamana apate mkopo, na asipolipa kibanja chaweza kuuzwa. Na sheria ya ardhi ya nchi husema kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, nayo imo mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Katika nyumba zote tatu mna wazo la kuaminiwa, lakini hatari zake hazilingani. Aliyezoea dhamana ya polisi, ambayo aghalabu huisha kijana akirejea, asidhani kwamba dhamana ya mkopo nayo huisha kwa sura ya mtu kuonekana.

Rufaa, nayo, ina saa. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya mtu hupewa siku 30. Mtu hujua kwamba ana haki ya kukata rufaa. Mara nyingi asichokijua ni kwamba haki hiyo inazeeka. Na hata umbo la neno hubadilika njiani: watu husema rufaa, lakini mahakama ya juu kabisa ya nchi, iliyoundwa mwaka 1979, huitwa Mahakama ya Rufani, na wagomvi wake huitwa mrufani na mrufaniwa.

Lakini katika maneno yote, hakuna lililokuwa na uzito katika nchi hizi za magharibi ya Ziwa kama neno kurithi. Mwaka 1963 serikali ilitangaza kanuni za mila zilizokusanywa kwa ajili ya wilaya nyingi za Tanganyika, miongoni mwake zikiwa kanuni za mirathi. Kanuni ya 20 ilisema kwamba wanawake waweza kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo. Hiyo waweza kuitumia maisha yao yote lakini wasiiuze. Kwa hiyo mwana wa kiume alipoambiwa umerithi, alipewa kibanja na mamlaka yake. Binti alipoambiwa umerithi, alipewa ndizi na kahawa ya kibanja, na mwisho wa uhai wake kibanja kikarudi kwa ukoo. Neno lilikuwa moja, herufi zake zilikuwa zile zile, lakini lilikuwa na tumbo mbili.

Neno hilo lilifika mahakamani kutoka Wilaya ya Muleba. Mwanamke mmoja wa Kihaya alikuwa ameachiwa ardhi ya ukoo na baba yake kwa wasia halali. Alipozeeka, na hakuna wa kumtunza, aliiuza mwezi wa Agosti 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiyekuwa wa ukoo wake. Siku ya pili yake jamaa wa ukoo alifungua shauri kupinga mauzo hayo. Mahakama ya Mwanzo ilimpa haki yule jamaa, kwa kufuata kanuni kama ilivyoandikwa. Mahakama ya Wilaya ikaitengua. Shauri likapanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akatoa hukumu ambayo wanafunzi wa sheria huijua kwa jina la Ephraim dhidi ya Pastory. Alisema kwamba Haki za Binadamu, zilizotiwa katika Katiba mwaka 1984 na kuanza kutumika mahakamani mwaka 1988, zinakataza ubaguzi wa jinsi, na kwamba tangu hapo wanaume na wanawake wana haki sawa za kurithi na kuuza ardhi ya ukoo. Mauzo ya yule mwanamke yakathibitishwa.

Hukumu hiyo haikubuni neno jipya hata moja. Ilichofanya ni kuamuru kwamba neno kurithi liwe na maana moja kwa wote wanaoambiwa. Lakini haikumaliza kazi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu Dar es Salaam, katika shauri la wajane waliopinga kanuni hizo za 1963, ilikubali kwamba zina ubaguzi lakini ikakataa kuzifuta, kwa kuhofu kwamba mila haziwezi kubadilishwa zote kwa amri ya siku moja. Kwa upande wa ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilikwenda mbele zaidi, kwa kusema kwamba kanuni ya mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Mwanamke wa Kimuli aweza, basi, kusimama na sheria hiyo mkononi. Lakini lazima kwanza ajue kwamba neno aliloambiwa na baba zake wadogo katika kikao cha matanga si neno la mwisho.

Sheria hiyo ya 1999 ilileta pia neno hatimiliki ya kimila. Ni neno zuri, jepesi kutamka. Hata hivyo msomaji makini ataona kwamba limetangulia mbele ya kitu chenyewe. Kiswahili kinasema miliki, lakini kinachotolewa na sheria ni haki ya kukaa katika ardhi na kuitumia kwa kufuata mila, katika nchi ambayo ardhi yote ni ya umma. Haki hiyo ni imara, yaweza kuwa bila kikomo cha miaka, yaweza kurithiwa, nayo yastahili kulindwa. Lakini aliyeipokea kwa maana ya milki isiyoguswa atashangaa siku atakapoambiwa habari ya kutwaliwa ardhi kwa manufaa ya umma, naye atauliza kwa nini karatasi ilisema miliki.

Neno baraza nalo limepata mabadiliko ambayo si wote wanaoyajua. Kwa sheria ya mwaka 2002 mabaraza ya kata yalikuwa na uwezo wa kuamua migogoro midogo ya ardhi. Mwaka 2021 uwezo huo uliondolewa, yakabaki na kazi ya kupatanisha, na kuamua kukawa kwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na mahakama zilizo juu yake. Kibao cha baraza hakikubadilika, wazee waweza kuwa wale wale, lakini kati ya kuamua na kupatanisha pana bonde. Uamuzi humfunga hata asiyeutaka. Upatanisho hauna nguvu bila ridhaa ya pande zote mbili.

Mwaka huo huo wa 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko makubwa ya lugha yenyewe: Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na lugha ya mahakama zote, na Kiingereza kikaachiwa nafasi pale tu haki inapokihitaji. Kwa mtu aliyekuwa akisubiri hukumu ya kibanja chake kwa lugha asiyoijua, hiyo ilikuwa habari kubwa. Safari ya neno ilipungua kivuko kimoja.

Kivuko kingine bado kipo. Sheria iliyoandikwa kwa Kiswahili kigumu yaweza kumfungia mlango mtu wa Kimuli kama ilivyomfungia ile ya Kiingereza, tofauti ikiwa kwamba safari hii ataona haya kusema hakufahamu, kwa kuwa lugha ni yake. Amri, kiapo, shahidi, kosa, haki: hayo atayajua. Lakini neno haki lenyewe hubeba mambo mawili, yaani lile mtu analostahili kupewa, na uadilifu wa yule anayegawa. Mkulima anaposema mbele ya hakimu kwamba anataka haki yake, huyaomba yote mawili kwa pamoja. Hakimu aliyesoma vizuri huyatenganisha, humweleza lipi liko katika uwezo wa baraza lake, kisha humwambia, kabla hajatoka mlangoni, kwamba ana siku 30.